Siku 19

Nimetua JKIA alfajiri hii. Kabaridi ka Nairobi, wacha tu!

Viza yangu ya Dubai iliisha nikiwa bado nasubiri pasipoti mpya. Bila pasipoti hupandi ndege, na ukibaki unahesabiwa faini ya dirham 50 kila siku.

Usiku, uwanja wa ndege wa Dubai, afisa akapiga hesabu: siku 19, dirham 950. Nikalipa. Ningebisha na nani?

Lakini kilichonimaliza ni Mama. Nimemkuta nje na chupa yake ya chai. Hata kabla ya kunikumbatia, akaomba pasipoti. Akaifungua, akainusa.

"Yaani hiki kijitabu ndicho kilichonizuilia mwanangu?"

Akaifunga kwenye leso.

Mpaka sasa hajanirudishia. 😂

Nani mwingine yamemkuta? Hebu semeni.