Siku moja mezani pa fundi bunduki, Birmingham

Saa 2:00 asubuhi. Kabati la chuma likifunguliwa, daftari ndilo linalotangulia mezani, bisibisi baadaye. Kila bunduki inayoingia au kutoka inaandikwa: namba yake, aina yake, mwenye nayo na namba ya cheti chake cha kumiliki silaha. Kwa Sheria ya Silaha ya 1968, anayetengeneza silaha kibiashara Uingereza husajiliwa na polisi, na usajili hurudiwa kila miaka 3. Mwanagenzi asiye na cheti chake hushika silaha kwa sababu tu ameajiriwa na karakana iliyosajiliwa, na kwa kazi ya karakana hiyo. Kwa hiyo kijana anayetaka ufundi huu atafute kwanza karakana ya kumpokea. Tupa na patasi zitakuja.

Saa 2:30. Leo kuna bunduki ya marisau ya mitutu miwili, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Inakunjuliwa, chemba (matundu ya nyuma ya mitutu yanayokaa risasi) zinatazamwa, kisha kidole kinaingizwa kuhakikisha ni tupu. Hapo ndipo vipimo vinaanza. Kipenyo cha ndani hupimwa inchi 9 kutoka nyuma ya mtutu na kulinganishwa na namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwa geji 12 ya zamani mara nyingi ni inchi 0.729. Kikizidi namba hiyo kwa inchi 0.010, muhuri wake wa majaribio umekufa. Kuiuza hivyo ni kosa. Lazima irudi Proof House, jumba la majaribio lililopo mjini hapa tangu 1813, ikajaribiwe kwa kufyatua risasi zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida.

Chemba nayo ipimwe. Nyingi za zamani zina milimita 65, ilhali risasi za siku hizi ni za milimita 70. Hatari ni kwamba risasi ndefu huingia bila shida, kwa kuwa urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Ikilipuka, mdomo wa ganda hufungukia mahali mtutu unapoanza kubana, na shinikizo linapanda. Mwenye bunduki haoni kitu mpaka siku mtutu unapotoa nyufa.

Saa 4:00. Bunduki hii inacheza kwenye bawaba. Kipimo chake ni rahisi: toa mbao ya mbele, funga mitutu, tikisa karibu na sikio. Ikigonga, nyuma ya mitutu haikai tena sawasawa kwenye uso wa bodi, chuma kinachobeba mitambo ya kufyatulia. Dawa ni kuweka pini ya bawaba yenye unene uliozidi kidogo, kisha kuikaza kwa masizi ya taa: paka, funga, fungua, utazame chuma kimegusa wapi. Tupa hupita palipogusa tu, mara 1 au 2, na masizi yanapakwa upya. Ni kazi ya asubuhi nzima na haina njia ya mkato. Wapo wanaogonga chuma kwa nyundo kitanuke. Inabana kwa muda mfupi, halafu anayefuata analazimika kuondoa uharibifu wote kabla ya kuanza.

Saa 7:00, chakula.

Saa 8:00. Kupaka mitutu rangi nyeusi. Mitutu miwili hii imeunganishwa kwa lehemu, kwa hiyo haitumbukizwi kwenye bafu la chumvi kali la moto linalotumika kwa bunduki za mtutu mmoja. Joto la bafu halitoshi kuyeyusha lehemu, ila chumvi yenyewe huila, na utepe wa chuma ulio katikati ya mitutu unaweza kubanduka baadaye. Sisi tunatumia kutu: mafuta yaondolewe kabisa, dawa ya asidi ipakwe nyembamba, mtutu ukae kwenye kabati lenye unyevu hadi uwe mwekundu, kisha uchemshwe kwenye maji safi. Wekundu unageuka mweusi. Brashi laini ya waya inaondoa unga, tunarudia, mara 6 hadi 10, kwa siku kadhaa. Alama moja ya kidole huacha doa, na doa hilo huirudisha kazi mwanzo.

Saa 10:00. Kitako cha mjozi kimebonyea. Kitambaa chenye maji na pasi ya moto huinua nyuzi za mbao zilizobonyezwa, zilizokatika haziinuki. Mafuta ya kitani hupakwa matone machache kwa kiganja, tabaka moja kwa siku. Ukiyazidisha yananata wiki nzima.

Saa 11:30 jioni. Skrubu zinarudishwa, kila moja kwa bisibisi iliyonolewa kulingana na mfereji wake. Bisibisi pungufu huteleza na kuchana kichwa. Daftari linalinganishwa na kabati. Bunduki zinapangwa midomo ikielekea chini, ili mafuta ya ndani yasishuke kwenye kitako: mbao ikiyanywa hulainika, na mshindo wa risasi huipasua pale inapokutana na chuma.