Pama ya lauhala: jaribio la nne limekaa, halafu ukili ukaniteka

Imekaa! Jana usiku saa nne na ushei utosi wa pama yangu, kofia ninayoisuka kwa lauhala yaani majani ya mti wa hala, umelala bapa juu ya sufuria, haujajikunja, haujavimba katikati, haujafanya mawimbi pembeni, na mie nimekaa naitazama tu mpaka chai ikapoa. Hili ni jaribio la nne. Yale matatu ya mwanzo yote yaligeuka bakuli, yaani unasuka kofia unapata kitu cha kutilia maembe, na nimelia kwa moja kati ya hayo, sioni haya kusema.

Nilipo ni Hilo, kile kisiwa kikubwa cha Hawaii, upande wa mvua, na nikisema mvua namaanisha zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, hii inahusika na habari yangu mtaona. Kila Jumamosi wasanii wa hapa mtaani wanakaa bandani wanafundisha yeyote anayekuja, bure. Kuna anayepiga kapa, kile kitambaa cha magome, unamsikia kabla hujamwona, kuna wanaotunga lei, mashada ya maua ya kuvaa shingoni, kuna mzee anachonga mabakuli ya mbao, na kwenye kona kuna meza mbili za lauhala. Nilikwenda mara ya kwanza kumsindikiza mwanangu. Nikaona majani mezani, nikashika moja, nikajua nimefika kwetu.

Maana hala ni mkadi jamani. Si ule ule, ni ndugu yake, wa pwani ya kwetu ni Pandanus kirkii na huu ni Pandanus tectorius, lakini mizizi ile ile inayosimama nje kama miti ya kuegemezea nyumba, majani yale yale marefu yenye miiba, na ua lake la dume wanaloliita hinano linanukia vile vile. Wilaya ya jirani, Puna, wana msemo wao wa kale kwamba kuta za Puna zinanukia hala. Kwetu Pemba mkadi nimeujua kwa ua tu, kwenye kikuba pamoja na asumini, bibi yangu akiweka na kwenye sanduku la nguo. Majani yake sijawahi kuona mtu akiyasuka nyumbani, sisi tulikuwa na ukindu, majani ya mkindu. Kwa hiyo miaka yote ile mti wa kusukia ulikuwa pale na sisi tunachuma ua tunaondoka.

Haya. Kusafisha majani sisimulii, aliyewahi kushika mkadi anajua, miiba pande zote mbili na mingine chini ya mshipa wa kati, unakata kichwa na ncha, unafuta vumbi, unavuta jani kwenye mgongo wa kisu mpaka lilainike, unaviringisha. Hiyo nimeiweza wiki ya pili. Niliyoshindwa ni piko.

Piko kwa Kihawaii ni kitovu, na ndivyo wanavyoita mwanzo wa kofia, pale katikati ya utosi ambapo vipande vyote vinaanzia. Vile vipande vyembamba wanaviita koana. Sasa mtu aliyekulia kwenye ukili anafikiri anajua kusuka, na kweli vidole vinajua, lakini ukili ni utepe unaoshonwa kuwa mkeka, unakwenda mbele tu, ukikosea upana kidogo utaficha wakati wa kushona. Pama ya lauhala haina mshono. Kuanzia kitovu mpaka ukingo ni kitu kimoja kinachotanuka kutoka katikati, na kila kosa ulilofanya raundi ya pili linakungoja raundi ya tisa likiwa limeshakua.

Jaribio la kwanza nilivuta. Mkono wangu umezoea kukaza, bibi alikuwa anapitisha ukucha kwenye ukili wako na ukucha ukiingia anafumua. Nikakaza hivyo hivyo hapa na kufika raundi ya nne utosi ukaanza kuinuka pembeni. Nikauloweka, nikauweka chini ya kamusi siku mbili. Ulipotoka ulikuwa bakuli bapa.

Jaribio la pili nikajua kwamba lazima uongeze koana kadiri duara linavyokua, ukiongeza chache linajikunja, ukiongeza nyingi linafanya mawimbi kama pindo la rinda. Nikaongeza. Lakini niliongeza pale nilipoanza kuona linajikunja, na nimekuja kuelewa kwamba ukishaona umeshachelewa raundi mbili nzima. Bakuli.

Jaribio la tatu ndilo lililoniumiza kwa sababu nilifanya kila kitu sawa, niliongeza mapema, sikukaza, na bado likajikunja, tena upande mmoja tu. Siku tatu nimehesabu koana mpaka naziota. Mwishowe nikachukua rula, nikapima moja moja. Nusu zilikuwa milimita 6 na nusu zilikuwa 5 na kidogo. Milimita moja haifiki! Lakini zidisha kwa koana zote zinazopita upande ule halafu uzungushe raundi nane. Chanzo kilikuwa koʻe yangu, kile kichanio cha mbao chenye nyembe, wembe mmoja ulilegea skrubu ukasogea na mie sikuangalia. Halafu juu ya hilo nililoanisha kupita kiasi. Lauhala iliyolowa inavimba, unaisuka imevimba, ikikauka inanywea na kuacha matundu, na kwa hali ya hewa ya Hilo haikauki hata hivyo, inaota ukungu. Nilitupa majani ya wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea kumu, mwalimu wetu. Aliigeuza geuza, akafumua raundi tatu kimya kimya, huku mie roho inaniuma, halafu akanipa nisuke mbele yake. Akasema, "Unavuta kama unafunga mzigo. Sukuma." Akaweka kidole gumba juu ya koana akaisogeza ikakaa kando ya mwenzake, haikuvutwa hata kidogo, imesukumwa tu. Yaani miezi miwili nilidhani nimeacha kuvuta na kumbe nimepunguza tu.

Kwa hiyo la nne nimefanya hivi: koana zote nimechana siku moja kwa wembe mpya na nimepima kila ya tano. Nimeongeza koana kwenye pembe zote nne za piko raundi ya pili, kabla macho hayajaona haja. Maji ni kitambaa kilichokamuliwa, nafuta upande wa nyuma wa jani basi, chupa ya sprei nimeifungia kabatini. Na nasukuma kwa gumba. Kila raundi mbili naweka rula kukatisha utosi naangalia mwanga unapita wapi chini yake. Jana haukupita.

Kuhusu vifaa nina maneno. Koʻe ya mbao hata ikilegea bado ndiyo naipenda, unasikia jani linavyochanika na ukikuta sehemu ngumu mkono unajua. Mwenzetu mmoja alileta mashine ya kukatia tambi, ile ya kuzungusha kwa mkono, inatoa vipande sawasawa kweli na inalainisha jani papo hapo, wengi wameisifu, lakini inakata hata pale jani lilipo bovu na wewe hujui mpaka lipasuke mkononi. Vibanio vya nguo, chukua vya mbao, vya plastiki vinaacha alama. Kalibu za kofia za mbao ni nzuri mno ila bei yake sikuiweza, mie natumia sufuria. Nilipima kichwa, sentimita 56 mzunguko, nikaenda dukani na kamba nikazungusha sufuria moja baada ya nyingine mpaka nikapata. Tatizo la sufuria ni kwamba ni duara kamili na kichwa cha mtu si duara, kimerefuka mbele na nyuma, kwa hiyo pama itabana paji la uso na kuacha nafasi masikioni. Nimekunja taulo nyembamba nikazifunga mbili, mbele na nyuma ya sufuria, kwa uzi. Mpaka sasa inaelekea vizuri.

Kumu anasema zamani mitindo ilikuwa siri ya ukoo, hukumfundisha mtu wa nyumba nyingine, na wasukaji wakazidi kuzeeka na kupungua. Walioamua kufundisha watu wa nje ndio waliookoa kazi. Anamtaja sana Gladys Kukana Grace, aliyejifunza kwa bibi yake huko Kona akaja kufundisha watu wengi kisiwa cha Oʻahu, na mwaka 2010 akapewa tuzo ya taifa ya Marekani ya wasanii wa jadi. Nami nikifikiria, nafurahi na naumia pamoja, kwa sababu mie nimefundishwa na bibi pia na sijamfundisha mtu. Nilipopita Hōlualoa, kule kule Kona, kwenye lile duka la familia ya Kimura lililopo tangu 1914, nilishika pama moja nikaigeuza ndani nikahesabu piko mpaka mume wangu akanivuta mkono. Hapo ndipo niliona kwa macho yangu jinsi wanavyoongeza kwenye pembe, kabla kumu hajanieleza.

Na majani yenyewe si ya kuchezea. Maui kuna mdudu gamba wa hala aliyeonekana Hāna mwaka 1995 na tangu hapo amesambaa visiwa vingine, ndiyo maana hapa wanakukataza kabisa kubeba majani mabichi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Puna nako lava ya 2018 ilikula zaidi ya nyumba 700, na pwani ile ndiyo ya miti ya hala yenyewe. Kwa hiyo jani likianguka kwenye ua wa jirani yangu naliokota kama pesa. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, nabisha hodi kwanza, naomba, ananisaidia kuokota.

Sasa mpango ulikuwa wiki hii niteremke kutoka utosi kwenda ubavuni, halafu ukingo, halafu mkanda wa rangi mbili. Sijafanya hata kimoja. Kwa sababu Jumamosi nikiwa nangoja kumu nilikuwa na koana zilizobaki mkononi na vidole vikaanza vyenyewe, nikasuka ukili. Ukili wa kawaida kabisa, wa nyumbani. Anti mmoja akasimama kuangalia, akaita mwenziwe, wakauliza huo mkanda ni wa kofia? Nikawaambia huu tunazungusha tunashona ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka. Hawakuamini kwamba mkeka unashonwa, kwao moena, mkeka wao, inasukwa yote kwa pamoja, watu wanakaa juu yake huku wanaisuka. Nikachukua sindano ya magunia nikawaonyesha kiasi cha shibiri moja. Saa nzima meza ilikuwa yangu, watoto sita wamekaa chini wanasuka ukili wa nne nne, mmoja wao mwanangu, ambaye nyumbani nikimwambia kaa nikufundishe anakimbia.

Na lauhala kwenye ukili ni kitu kingine kabisa. Ukindu ni mfupi, kila mara unaunga. Jani la hala linapita mita moja, unakwenda na kwenda. Ila ni nene, na pale unapogeuza kwenye ukingo wa ukili linapasuka, hasa upande unaong'aa ukiwa nje. Nimejaribu kuchana milimita 4 badala ya 6, limepungua kupasuka. Nimejaribu kugeuza upande usiong'aa uwe nje pale pembeni tu, hapo limekubali, lakini ukili unakuwa na mstari hafifu kila ubavu. Binafsi nimeupenda ule mstari. Dada yangu nimemtumia picha akasema bibi angefumua.

Nataka msala. Upana wa ukili wangu ni sentimita 5, nimepiga hesabu nahitaji kama pima kumi. Kumu ana sharti lake kwamba kazi ya kwanza huuzi wala hukai nayo, unampa mtu, kwa hiyo pama ikiisha ni ya yule mzee wa majani na kichwa chake itabidi nikipime, taulo zile huenda zisihitajike. Lakini msala si kazi yangu ya kwanza, ukili nilisuka nikiwa na miaka saba, huo nakaa nao.

Mpaka leo asubuhi nimefika pima nne na nusu. Pama iko juu ya sufuria yake chini ya kitambaa chenye unyevu, vibanio vyote mahali pake. Shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, nimemwambia dada anitumie kutoka Wete, ile ya bibi kama bado ipo, maana sindano ya magunia inatoboa tundu kubwa mno.