Mstari Uliopinda Kati ya Changuu na Forodhani

Juzi baada ya sala ya alfajiri mwanangu alinikuta nimekaa kwenye mkeka, uso nimeuelekeza ukutani, akangoja kwa adabu mpaka nilipogeuka, kisha akaniuliza: “Baba, ukiogelea mbali kule kwenye maji ya kina, huwa unawaza nini?” Nilimjibu kwamba huwa nahesabu pumzi zangu. Jibu hilo lilimtosha, akaenda kutafuta viatu vyake vya skuli. Mimi halikunitosha, kwa sababu ipo asubuhi moja ambayo kwa muda sikuwa nikihesabu chochote, na tangu siku hiyo sijaweza kusema kwa yakini kichwa changu kilikuwa na nini ndani yake.

Ilikuwa wakati wa maleleji, kusi imekwisha kulegea na kaskazi haijashika, miaka michache kabla ya mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani linaloitazama bahari hapa Zanzibar, kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nautaja mnara huo kwa sababu ndio ulionipa njia siku ile. Nilikuwa nikijiandaa kwa triathloni ya masafa marefu, ile ya kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kumalizia kwa mbio za kilomita 42.2, na nilitaka kuogelea kwa mkupuo mmoja masafa yanayozidi yale ya mashindano ili siku yenyewe ikifika maji yasinitishe. Kutoka kisiwa cha Changuu hadi Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, ni kilomita 5.5 hivi.

Kisogoni, chini ya kofia ya kuogelea, nilikuwa nimevaa kifaa nilichokiunda mwenyewe. Saa za mkononi zenye GPS humpa taabu muogeleaji, kwa kuwa mawimbi ya redio ya setilaiti, yakiwa yamekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 20,000, hufika duniani yakiwa dhaifu mno na hayapenyi maji. Kila mkono unapozama saa huwa kipofu, na unapochomoza huanza kutafuta upya. Kichwa ndicho kinachobaki karibu na hewa muda wote. Kwa hiyo nilikusanya bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino, kipokezi cha GPS, kipima mchapuko kinachohisi mwendo na mwinamo, kadi ya kumbukumbu na betri niliyoitoa kwenye simu iliyovunjika kioo, nikavilehemu pamoja, nikavifunga ndani ya kikopo cha plastiki na kuziba kingo zake kwa silikoni. Kabla ya kuvitia vyombo hivyo, nilikuwa nimekizamisha kikopo kitupu usiku kucha katika ndoo ya maji ya bahari, ndani nimeweka kipande cha karatasi kavu, kwani chumvi ikikutana na shaba na umeme hailazi damu. Asubuhi karatasi ilitoka kama ilivyoingia.

Katika vyombo vyote hivyo, nilikipenda zaidi kipima mchapuko. Muogeleaji akigeuza kichwa ili avute pumzi, kifaa hulala ubavu. Akiinua paji la uso kutazama aendako, kifaa huinamia shingoni. Mienendo hiyo miwili huandikwa kwenye kadi kwa namna tofauti kabisa, kiasi kwamba anayesoma takwimu jioni anaweza kuweka kidole na kusema hapa alivuta pumzi, na hapa alitazama njia. Nilitaka kujua kama pumzi za mtu anayezihesabu kwa moyo hutofautiana na pumzi za mtu anayeogelea tu.

Kuhesabu kwenyewe nilifundishwa na mwalimu wa hisabati kutoka Japani, aliyekuja kujitolea kwetu akapanga nyumba jirani na yetu. Alikuwa mfuasi wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, ya madhehebu ya Soto, ambayo mtawa Dogen, aliyeishi kuanzia mwaka 1200 hadi 1253, aliipeleka Japani baada ya kusoma Uchina. Watu wa madhehebu hayo hukaa wakiuelekea ukuta, mgongo umenyooka, macho nusu wazi. Anayeanza huweza kupewa kazi ya kuhesabu pumzi kutoka moja hadi kumi, kisha kurudi moja. Akipotea njiani hurudi moja bila kujilaumu. Mama yangu aliniuliza waziwazi kama jambo hilo linagongana na dini yetu. Nilimweleza kwamba simsujudii mtu wala simwombi mtu, ninaufundisha moyo utulie mahali ulipo, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akanambia nisichelewe msikitini tu. Mwalimu alikuwa akisisitiza kwamba anayekaa ana maadui wawili, mawazo yanayotangatanga na usingizi unaonyemelea, na kwamba huu wa pili ndio wa kuogopwa zaidi kwa sababu huja umevaa sura ya utulivu. Maneno hayo niliyashika, bila kujua kwamba yangenirudia baharini.

Aliyekubali kunisindikiza ni ami yangu, mdogo wake baba, kwa ngalawa yake. Yeye ndiye aliyeichagua siku, mwezi ukiwa na siku tisa tangu kuandama, maji mafu, kwa maana siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka takriban mita nne na mikondo yake haina huruma. Tulifika Changuu kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka.

“Ami, maji unayaonaje?” niliuliza nikivaa miwani.

“Yanajaa. Yatakuvuta kaskazini, upande wa Maruhubi, wala usishindane nayo kwa hasira. Mnara wa saa usikutoke usoni. Ukiuona umehamia bega la kulia, jua umeshachukuliwa. Na tufike kabla boti za Dar es Salaam hazijaanza kutoka.”

Sehemu ya kwanza ilipita bila jambo la kusimulia. Karibu na kisiwa chini kulikuwa na matumbawe, na masikioni mlikuwa na ule mlio wa kupasukapasuka wa kamba wadogo wanaoishi humo. Baadaye matumbawe yakaisha, pakabaki buluu tupu, na mlio ukafifia. Nilikuwa nikivuta pumzi kila baada ya mikono mitatu, mara kushoto mara kulia, nikihesabu hadi kumi na kurudi moja.

Sijui ilikuwa pumzi ya ngapi hesabu iliposita. Sisemi kwamba ilipotea, kwa kuwa hali ya kupotea naijua vizuri: kati ya nne na tano huingia neno alilolisema mtu jana, au waya ambao haukushika vizuri kwenye bodi, na mtu hushtuka yuko kumi na tatu. Mara hii nilivuta pumzi, nambari iliyopaswa kuja haikuja, na hakuna kitu kilichokuja mahali pake. Mkono wa kulia uliingia majini. Niliuona ukiingia, na viputo vidogo vikitoka kwenye ncha za vidole, kila kimoja kikipanda kwa wakati wake. Jua lilikuwa limechomoza, na miale yake ilishuka ndani ya maji ikikutana mahali fulani chini yangu, mahali ambapo pangekuwa na kivuli cha kichwa changu kama kungekuwa na sakafu ya kukipokea. Nilisogea, nayo ikasogea. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu, lakini yale yaliyogusa kiganja mwishoni mwa kila mvuto yalikuwa na ubaridi, na tofauti hiyo ndogo niliihisi kwa ukamilifu kila mkono uliposhuka, wa kulia na wa kushoto, wala haikunichosha kuihisi.

Niligeuka kulia nikaiona ngalawa, na matone yaliyokuwa yakining'inia kwenye kafi la ami kabla hayajadondoka. Niligeuka kushoto nikaona mwanga. Sikuwa na haja ya kufika, na wala sikuwa na haja ya kubaki pale. Nayaandika haya kwa tahadhari, kwa sababu najua jinsi mtu anavyoweza kulikuza jambo baada ya miaka, lakini hili nalikumbuka hivi na silikumbuki vinginevyo: kulikuwa na kuogelea, na sikumwona mtu pembeni yake anayesema kwamba yeye ndiye anayeogelea. Mapafu yalikuwa yakijaa na kumwagika. Hofu ya kina, ambayo mimi huwa ninayo hata nikiwa nimejiandaa vipi, haikuwapo, na sikugundua kwamba haikuwapo mpaka iliporudi.

Ilirudi pale ami alipougonga ubavu wa ngalawa kwa kafi, mara mbili, mlio mkavu ulionifikia ndani ya maji. Niliinua kichwa. Mbele yangu palikuwa na miti ya Maruhubi.

“Mnara uko wapi?” aliuliza ami.

“Kuliani, ami.”

“Haya, urudishe.”

Nikaurudisha. Laiti mngeniuliza wakati ule, ningesema jambo lote lilichukua pumzi chache, pengine dazeni moja.

Kilichofuata hakihitaji maneno mengi. Nilitoka majini Forodhani, nikapanda baiskeli, nikaifuata barabara ya Tunguu mpaka Jozani, ambako matuta yaliyowekwa barabarani kwa ajili ya kuwanusuru kima punju humlazimisha mwendesha baiskeli atulie apende asipende. Jioni nikakimbia, nikaoga, nikala. Baada ya isha ndipo nilipoitia kadi kwenye kompyuta.

Mstari ulitoka Changuu umenyooka, kisha ukaanza kupinda taratibu kuelekea kaskazini, ukaendelea kupinda, ukavunjika ghafla kwa pembe kali pale ami alipogonga. Sehemu iliyopinda ilichukua dakika 19. Ndani ya dakika hizo pumzi zilikuwa zimepungua, na nafasi kati ya moja na nyingine ilikuwa imelingana kiasi ambacho sijakiona katika rekodi yangu nyingine yoyote, ya kabla wala ya baada. Hilo lilinifurahisha. Kilichonikosesha usingizi ni takwimu za paji la uso. Katika muda wote ule niliendelea kuinua kichwa kutazama mbele kwa vipindi vyangu vya kawaida, bila kuruka hata kimoja. Nilikuwa nimeutazama mnara tena na tena huku ukihama kidogo kidogo kutoka usoni kwenda begani, na katika kumbukumbu yangu hakuna mnara hata mmoja.

Nilianza kwa kukishuku kifaa. Nilikiweka juu ya paa muda mrefu, nukta zake za ramani zikabaki zimekusanyika mahali pamoja. Nililala kifudifudi juu ya benchi nikigeuza na kuinua kichwa huku ndugu yangu akiandika kwa kalamu, kisha nikalinganisha, vikaafikiana. Kifaa kilikuwa kimesema kweli, nami pia, kwa jinsi ninavyojijua, nilikuwa nikisema kweli. Na kweli hizi mbili hazikukaa katika dakika moja.

Nikaenda kwa ami, nikamkuta anashona wavu.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ami, siku ile mbona hukuniita mapema? Hukuniona navutwa?”

“Nilikuona. Lakini mimi niko baharini tangu sijabaleghe. Anayechoka namjua na anayezama namjua. Wewe hukuwa katika hao. Nikasema tumwache kidogo, maji mafu haya hayatamfikisha mbali.”

“Na ulipogonga, uliona nini?”

“Sikuona kitu. Boti zilikuwa karibu kutoka.”

Mwalimu wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kwao. Nilimtumia ramani, grafu na maelezo marefu, nikamuuliza: huyu alikuwa yule adui wa pili, au ndicho kile tulichokuwa tukikikalia mbele ya ukuta? Alijibu kwamba grafu imechorwa vizuri, kwamba pumzi zilizolingana namna ile yeye mwenyewe huzipata kwa nadra, na kwamba mtu aliyelala pia hupumua kwa kulingana. Nililisoma jibu hilo mara nyingi. Sidhani kwamba alikuwa akinikwepa; nadhani alikuwa akinieleza mahali ambapo maarifa yake yanakomea, na kwa hilo namheshimu. Mimi kwa upande wangu nikikaa alfajiri huelemea jibu moja, na nikifungua faili lile huelemea jingine. Mtu aliyelala haoni matone kwenye kafi. Lakini mtu aliye macho hawezi kuutazama mnara kwa dakika 19 asijue umehama.

Jambo hili lina uzito wake katika mchezo wetu, kwa maana kwenye mashindano njia iliyopinda ni mita za ziada ambazo miguu huja kuzilipa kwenye mbio, na hakuna ami wa kugonga ngalawa. Kwa hiyo nimekuwa nikiunda kifaa kipya ambacho, pamoja na kuandika, kitakuwa na mota ndogo ya kunitetemesha kisogoni njia inapoanza kupinda. Vyombo vyote nimekwisha kuvilehemu na programu nimeiandika, ila nambari moja tu imebaki wazi: mtu apinde kwa nyuzi ngapi ndipo aitwe. Nikiiweka ndogo nitafika nimenyooka, na asubuhi kama ile haitanipata tena. Nikiiweka kubwa, sijui ninampa mtu yupi ruhusa ya kuendelea, aliye macho au aliyelala. Nimeiandika na kuifuta, na wiki iliyopita nikaipeleka kwa ami, nikamweleza kifaa kinavyofanya kazi na kumuuliza angeweka nambari gani. Alikigeuzageuza kikopo mkononi kwa makini, akataka kwanza kujua kama kitakuwa kinazijua saa za boti.