Kidole Gumba Hiki ni cha Nani

Saa nane usiku. Sare za kazi zinazunguka kwenye mashine, Baba Awinja anakoroma, na mimi bado niko jukwaani, Jumatano asubuhi, gita mapajani, naulizwa swali jepesi mbele ya watu ishirini na sita. Tamasha lilikwisha Jumamosi. Leo Jumanne. Mwenye akili zake angekuwa ameshalala.

Mnaokumbuka, hili ndilo tamasha nililoanza kulilia tangu Januari, lile la kubadilishana zamu nne za usiku na Precious kwa ahadi kwamba Krismasi nitamfanyia mimi. Wiki nzima ya gita la klasiki: asubuhi mazoezi ya vidole, halafu darasa la wazi, mchana okestra ya magita (magita thelathini yakitafuta sauti moja; ni kuku bandani saa ya mvua), jioni onyesho. Barua ya uraia ya Baba Awinja iliingia Jumatatu baada ya miaka saba ya kusubiri, na Alhamisi Awinja akapata matokeo, kafaulu yote hata ile hesabu. Nililia kwenye simu, tukala keki, yakapita. Swali halijapita.

Darasa la wazi linakwenda hivi: unapanda, unapiga wimbo wako hadi mwisho, kisha mwalimu anakutengeneza mbele ya wenzako huku wao wakiandika kasoro zako kwenye daftari zao. Mwalimu wetu ni mama wa Kihispania mwenye nywele nyeupe kama pamba, mfupi hivi kwamba akikaa na gita unamwona kuanzia puani. Haongei sana. Akiudhika hufunga macho. Vijana wawili walionitangulia walifungiwa macho vizuri sana.

Mimi nilipeleka Sor, lile zoezi la B maina, Opus 35 namba 22. Fernando Sor alifia Paris mwaka 1839, na mazoezi yake ndiyo uji wa mpiga gita wa klasiki: usipounywa hukui. Si gumu kwa macho. Mkono wa kulia unazunguka tu, wimbo unatembea juu, besi chini kwa kidole gumba. Ukilipiga vibaya ni mashine ya kushona.

Nilipomaliza hakufunga macho. Akaniambia nioneshe kucha.

Nikanyoosha mikono kama mtoto wa shule paredi Jumatatu. Kucha hazipo. Wenzangu wote pale wanazo za mkono wa kulia, ndefu, wamezipiga tupa na msasa mpaka zinang'aa, na wengine hata mlango hawafungui kwa mkono huo. Nesi atafuga kucha wapi? Kazini kwa wazee wangu ni fupi, safi, mikono wazi hadi kiwikoni. Nikaeleza. Akacheka, akasema Sor naye hakupigia kucha, rafiki yake Aguado, mpiga gita mwenzake, ndiye aliyezipenda, na Sor akawatungia wote wawili kipande cha magita mawili ili kila mmoja apige kwa namna yake. Akaongeza kuwa hata Tárrega, gwiji mwingine wa gita wa Kihispania, miaka yake ya mwisho aliziacha. Nikajisikia mrefu.

Akasema, rudia mwanzo. Nikarudia. Akaweka kiganja juu ya mbao za gita langu, nyuzi zikanyamaza.

"Nani alikufundisha hicho kidole gumba?"

"Hakuna. Nilijifunza mwenyewe."

"Ah. Kama Segovia, basi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko kizuri, cha upendo. Na mimi nikacheka. Ndiyo hiyo tu. Ndiyo inayonikesha.

Kwa wasio wa kabila hili la gita: Andrés Segovia, mzaliwa wa Linares, 1893 hadi 1987, ndiye aliyelitembeza gita la klasiki kwenye kumbi kubwa za dunia, na maisha yake yote alikuwa akisema kwamba yeye ndiye mwalimu wake na yeye ndiye mwanafunzi wake. Kwa hiyo mama yule alinitania kwa heshima. Angejua!

Nimeligeuza swali lile pande zote. Kwa nini "hakuna"? Hakunibana mtu. Ningeweza kusema "baba yangu", maneno mawili, nikaendelea na Sor. Nadhani yalianzia mezani jana yake usiku. Tulikuwa tunakula, na kila mtu akawa anataja ukoo wake wa gita: mimi nimefundishwa na fulani, aliyefundishwa na fulani, aliyekaa mbele ya Segovia mwenyewe kwenye yale madarasa ya Santiago de Compostela yaliyoanza 1958. Ilikuwa silsila kabisa, utadhani masharifu wa Lamu. Ilipofika kwangu nikaomba nipitishiwe chumvi. Silsila yangu ni kreti ya Fanta nyuma ya jiko la kuni, Khwisero, magharibi mwa Kenya.

Mzee, yaani baba yangu, alikuwa akikaa kwenye kreti hiyo jioni akitoka kwenye miwa. Gita lake lilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, mama akiliita mke mwenza. Vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Kongo na kama alivyopiga George Mukabi, mpiga gita wa huko kwetu. Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akiimba kwa Kiswahili, na Mzee anaizungumzia siku hiyo kana kwamba alishika maikrofoni, wakati yeye alikuwa bado ananyonya. Gumba halilali: besi ya juu, besi ya chini, juu, chini, na kiganja kinazigusa nyuzi kidogo zisivume sana. Kidole cha shahada ndicho kinaimba. Pembeni kaka Ben anagonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma, kwenye ile mikunjo yake, krrr-ka-ka. Ben aliruhusiwa chupa. Mimi niliruhusiwa kuosha sufuria, na nikaziosha polepole mno.

Miaka thelathini na kitu baadaye, Uingereza, ndani ya zoezi la Sor, gumba likafanya lile lile bila kuniomba ruhusa. Na mtu aliyesikiliza magita maisha yake yote akalisikia, akauliza ni la nani. Nikalikana.

Jioni ya siku hiyohiyo, kwenye ujia nyuma ya jukwaa, nilimkuta mpigaji wa usiku amepiga magoti sakafuni na mkasi. Mtu mkubwa, CD kabatini kwangu ninazo mbili. Ukucha wake wa kidole cha kati ulikuwa umekatika kwenye zipu ya begi. Alikuwa anakata mpira wa tenisi ya mezani. Akachonga kipande chenye umbo la mbegu ya boga, akakipaka gundi kali, akakibandika chini ya ukucha uliobaki, akakishikilia huku anahesabu kimoyomoyo, kisha akakipiga msasa. Akaniangalia: "Usimwambie mtu." Nusu saa baadaye mpira ule ulikuwa unapiga La Catedral ya Barrios, ya mwaka 1921, na hakuna aliyejua. Mimi nilijua, na kila sauti ya kidole cha kati niliisubiri kwa roho mkononi. Haikukosea hata moja.

Barrios mwenyewe ni kisa. Mparaguai, na miaka ya 1930 aliamua kupanda jukwaani na manyoya kichwani kama chifu wa Kiguarani, akajiita Nitsuga Mangoré. Nitsuga ni Agustín, jina lake la kwanza, lililosomwa kinyumenyume. Kumbi zilitaka mtu wa msituni, akawapa. Nilikaa pale nikawaza: yeye alivaa, mimi nilivua, na wote wawili tumepigiwa makofi.

Nilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Jumamosi mchana mama yule alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya chai. Hatua moja. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu alfajiri, nimeifanyia mazoezi bafuni. Akageuka, akanitabasamia, nikamwambia maji yanachemka sana, aangalie asiungue. Akashukuru. Akaondoka na kikombe chake.

Jumapili baada ya kanisa nikampigia Mzee. Sikukusudia kuungama, lakini mnajua simu ya Jumapili, ukimaliza mvua na mazishi unabaki na ukweli tu.

"Baba, hebu nikuulize. Gita ulinifundisha wewe, ama?"

"Mimi?" Kimya, nasikia jogoo. "Mimi nilikukataza, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Hata akinigombeza ni mama.

"Lakini nilijulia kwako."

"Uliiba. Ukidhani niko shamba, unaingia stoo. Sasa mwizi atasema amefundishwa na mwenye duka?"

Nikabaki nimeduwaa na simu sikioni. Wiki nzima najipiga kifua kwa kumkana mtu, kumbe mwenyewe hajawahi kukubali! Na ni kweli alinikataza. Nilikuwa nimeshasahau jinsi alivyosema, gita litanipeleka kwenye vilabu vya busaa, msichana wa gita haposwi. Nilijikumbushia kreti na nta na machweo, nikaacha fimbo ya mpera. Hasira ikanipanda, ya msichana wa miaka tisa. Kwa hiyo nilisema kweli? Hakuna aliyenifundisha? Na Kiswahili chenyewe, ukikisikiliza, kinaniunga mkono: hata ukiwa na walimu kumi, bado unasema nilijifunza. Hiyo "ji" imekaa humo ndani inajidai peke yake.

Nikamweleza basi: darasa, mwalimu, swali. Jibu langu nililipitia haraka.

"Alisema ni kidole kizuri ama kibaya?"

"Kizuri, Baba. Alisimamisha nyuzi zote akiulizie hicho."

Kimya tena. Jogoo.

"Haya. Mwambie basi ni changu."

Halafu akahamia kwenye dawa ya kupe, kwamba bei imepanda na ng'ombe wa mama anakaribia kuzaa, nikatuma kitu kidogo, tukaagana. Nikacheka peke yangu jikoni mpaka Awinja akavua vile vitu vya masikioni kuuliza kuna nini. Nikamwambia babu yake anadai kidole. Akavirudisha.

Tangu siku hiyo swali linarudi usiku kama kawaida, ila sasa linarudi na jibu la Mzee, na ukumbi unacheka kwa namna nyingine. Nimejaribu kumwandikia mama wa Kihispania. Toleo la kwanza lilikuwa refu kama wasia. La pili lilieleza hadi kreti. La tatu ni sentensi moja: kile kidole gumba ni cha baba yangu. Nikaisoma tena kwa Kiingereza, ikasikika kama nimemkata mzee kidole nikasafiri nacho. Bado iko pale, haijatumwa.

Na sasa nimekumbuka jambo baya zaidi. Jirani wa namba kumi na mbili alinikabidhi nyanya zake nimwagilie akiwa Ureno, mitungi sita, kila jioni, akanionesha na ndoo. Wiki ya tamasha sikumwagilia hata tone. Nimetoka sasa hivi na tochi ya simu, kwa kandambili, kuziangalia. Anarudi Jumapili. Nimezimwagilia tangu jana asubuhi mara tano, na mpaka sasa ni mmoja tu ulioinua kichwa, tena ule wa pembeni, ambao sina hakika hata kama ni mnyanya.