Kiwanja kimepimwa na nani?

Miaka michache iliyopita nilinunua eneo la hatua 20 kwa 20 huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa karatasi za mauziano zilizosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wa pande zote mbili, na wiki hiyohiyo dalali aliyeniuzia akanikutanisha na kijana aliyemwita "mpima wetu wa huku". Kijana alikuja na bodaboda, begi mgongoni, GPS ndogo ya mkononi, na mawe manne ya zege aliyoyamimina mwenyewe ndani ya makopo ya rangi, kila moja likiwa na kipande cha nondo katikati na namba iliyochorwa kwa msumari kabla zege halijakauka. Alinisalimu kwa adabu, akazunguka pembe nne, akasimama kila pembe kwa muda usiozidi dakika moja, akaandika tarakimu kwenye karatasi ya daftari, akachimbia mawe, akapokea shilingi 200,000 zake na kuondoka. Usiku ule nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa na mawe.

Sehemu ya lawama naibebesha lugha yetu wenyewe. Fundi cherehani anapima, muuza mchele anapima, mganga wa zahanati anapima, na mpima ardhi naye anapima. Kwa hiyo tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme likisema "viwanja vimepimwa", mwenye tangazo anaweza kula kiapo na asiwe mwongo, maana kuna mtu kweli alipita na kamba. Ambacho mnunuzi hakiulizi, na ambacho mimi sikukiuliza, ni kama upimaji huo una ramani iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wa Wizara ya Ardhi, kwa sababu bila ramani hiyo hakuna hati miliki inayoweza kuandaliwa, hata mawe yakiwa ya marumaru.

Niligundua hayo siku nilipoipeleka ile karatasi ya daftari kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri. Afisa aliyenipokea, mama mtaratibu ambaye bila shaka alikwisha kuona karatasi nyingi za namna hiyo, aliingiza tarakimu zangu kwenye kompyuta, akageuza skrini ili nami nione, akasema, "Baba, kwa hesabu hizi shamba lako liko kule." Kule palikuwa karibu mita 300 kusini mwa mahali niliposimama na kijana yule, kwenye nyumba za watu nisiowafahamu.

Sababu yake si uchawi. Ramani nyingi za upimaji nchini zilichorwa kwa mfumo wa majira, yaani tarakimu za kuonyesha mahali palipo, unaoitwa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi, isiporekebishwa, hutoa majira kwa mfumo wa WGS84, na mahali palepale, katika ukanda wetu huu, tarakimu za mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Mpima aliyesomea kazi hulijua hilo tangu darasani. Tena hata mfumo ungekuwa sahihi, kifaa kile cha mkononi hukosea kwa mita kadhaa, na kwenye eneo lenye upana wa mita 20, mita tatu za kukosea ni chumba kizima cha mpangaji. Mpima halali huanza kwenye alama za msingi za upimaji ambazo majira yake yanajulikana, huja na mashine ya kupima kwa sentimita, hufuata mchoro wa mipango miji uliokwisha kupitishwa, na jalada lake la hesabu hukaguliwa na watu wengine kabla mawe yake hayajatambuliwa.

Sheria haina utata katika jambo hili. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inataka mpima anayefanya kazi hiyo kwa malipo awe na leseni, na tangu mwaka 1977 ipo sheria nyingine inayosimamia usajili wa wapima kitaaluma. Mtaani, asiye na hayo tumempa jina lilelile la mafundi wa umeme wasiotambulika: kishoka. Nakiri kwamba jina hilo halimtendei haki kila anayeitwa hivyo. Wako vijana waliobeba miguu mitatu ya mashine kwa miaka kumi nyuma ya wapima halali, na mikono yao ina ustadi kuliko ya mhitimu aliyetoka Chuo Kikuu Ardhi mwaka jana. Dar es Salaam nayo imewahitaji, kwa kuwa jiji limekua haraka kuliko upimaji wake. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipanga maeneo kama Kibada, Tuangoma na Bunju, lakini sehemu kubwa ya mji imeendelea kujengwa kwanza na kupimwa baadaye, na ndiyo maana leo tunazungumzia urasimishaji, yaani kupanga na kupima maeneo ambayo watu wamekwisha kujenga. Mtu mwenye tofali zake mkononi hangojei mchoro.

Anayenikera zaidi, kwa hiyo, si kijana wa bodaboda. Ni yule mwenye leseni anayekaa ofisini na kuweka saini yake chini ya kazi ambayo hakuiona, kwa malipo ya saini. Kishoka ninayemjua nitamkwepa. Huyu nitamlipa nikiamini nimefuata sheria, na kosa likitokea ndipo nitakapofahamu kwamba hajawahi kukanyaga Chanika.

Upimaji wangu ulikuja kurudiwa kihalali pamoja na wa majirani, kwa kuchangishana. Jina la mpima tulilithibitisha kwanza kwenye orodha ya waliosajiliwa, na siku ya kwanza alikuja mwenyewe na kofia yake ya kindu, akakataa soda mpaka amalize kutafuta alama ya msingi iliyokuwa imefunikwa na kifusi. Mimi nilipoteza mita mbili upande wa mashariki, nikanyamaza. Aliyeumia ni jirani yangu, mzee mstaafu, ambaye alijenga ukuta wa tofali akifuata jiwe la yule kijana kwenye kona tunayopakana, na ukuta huo sasa umeangukia ndani ya barabara ya mtaa iliyomo kwenye mchoro. Amewekewa alama ya X ya rangi nyekundu.

Mwezi uliopita alinifuata baada ya sala ya alasiri, akaniuliza kwa upole kama ninaweza kumpatia yule mtu aliyeweka mawe, ili aende naye kwa mwenyekiti akaeleze. Nilitoa simu nikapiga mbele yake, spika ikiwa wazi. Namba haipatikani. Nilimpigia dalali, naye akaniuliza, "Mpima yupi, kaka? Huku wamepita wengi."