Mradi wa Bowling: dimbwi halikupasuka

Siku ya tisa leo na dimbwi, ile rangi nene inayojikusanya chini ya kitambaa ninapomimina picha, halijapasuka. Nimeligusa asubuhi kabla ya kwenda shule, nimeligusa mchana, na sasa hivi nimelipitia kwa tochi ya simu, mwanga ukitoka ubavuni, ambako ufa hata uwe mwembamba kama unywele hujionyesha. Hakuna kitu. Vitambaa vinne vimeniharibikia tangu Desemba. Hiki cha tano kimetulia.

Kwa aliyefika leo: nafuata kazi ya mchoraji Frank Bowling hatua kwa hatua, uani kwangu hapa Tanga. Sinakili picha zake. Nataka kujua mkono wake ulikuwa ukifanya nini kila alipobadilika, kwa sababu huyu mzaliwa wa Bartica, Guyana, wa mwaka 1934, amebadilika mara nyingi bila hata siku moja kuiacha rangi. Alifika London mwaka 1953, akamaliza chuo cha sanaa cha Royal College of Art mwaka 1962 na medali ya fedha (ya dhahabu aliichukua mwanafunzi mwenzake, David Hockney), na wakati ule alikuwa bado anachora watu. Akahamia New York mwaka 1966, na huko watu wakaanza kuyeyuka ndani ya rangi.

Hatua ya ramani, ile ya 1967 hadi 1971 alipoweka maumbo ya mabara ndani ya rangi, niliifunga Novemba. Nafundisha jiografia, kwa hiyo kukata umbo la Afrika na la Amerika Kusini kwenye karatasi ngumu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba umbo la Afrika likishaonekana, hata kwa mbali sana, hata limezama kwenye wekundu, jicho halitazami kitu kingine. Wanafunzi wangu walilitambua kabla sijamaliza kukunjua kitambaa. Bowling alilitumia jambo hilo kwa uzito mkubwa kwenye picha yake Middle Passage ya 1970, ambako safari ya watumwa kuvuka Atlantiki imo ndani ya rangi yenyewe. Baada ya kuishi na maumbo yale miezi mitatu, naamini naelewa kwa nini alifika mahali akataka rangi isimame bila ramani.

Basi ikaja 1973. Alijitengenezea jukwaa linaloinama, akaegemeza kitambaa, na kumimina rangi kutoka juu, hadi mita 2, iteremke yenyewe. Tazameni picha zake, Ziff ya 1974 au Tony's Anvil ya 1975: rangi inashuka kama mto, inapishana na nyingine, na kule chini inajikusanya na kunenepa. Hapo chini ndipo penye dimbwi, na dimbwi ndilo lililonila miezi miwili na nusu.

Jukwaa langu ni plaiwudi juu ya fremu ya mbao, bawaba tatu upande wa chini, na mguu wa nyuma wenye matundu ya kupandisha na kushusha. Fundi seremala aliniuliza mara mbili, "Mwalimu, una hakika unataka meza ya kumwaga vitu?" Nina hakika. Ushauri kwa atakayejenga lake: msikisie mwinamo kwa macho. Nunueni pima maji ya kweli, ile ya kioo na kiputo, muiweke kwenye ukingo wa kulia na kushoto kabla ya kila mmimino. Upande mmoja ukishuka kidogo tu, mto wote unakimbilia huko. Programu za simu za kupimia nimezijaribu tatu, na zote zilinidanganya. Na kitambaa kipigwe stepla, si misumari; msumari unavuta nyuzi, panabaki kibonde, na rangi inakaa humo.

Turudi kwenye nyufa.

Mimi natumia merikani iliyopakwa gundi, na rangi ya maji ya nyumba, kwa sababu akriliki ya wasanii kwa wingi wa kumimina ni mshahara wa mwezi. Vitambaa viwili vya kwanza vilikauka vizuri kule juu, ambako rangi ni nyembamba. Dimbwi la chini lilipasuka siku ya pili, mapande mapande kama tope la bwawa lililokauka. Nikadhani ni maji mengi. Nikapunguza maji, rangi haikuteremka, ilijikokota na kusimama katikati. Nikaongeza mwinamo mpaka nyuzi 50. Rangi ikateremka yote, juu pakabaki doa na chini dimbwi nene kuliko mwanzo. Likapasuka zaidi. Kitambaa cha nne nilikiwashia feni usiku kucha, nikiamini kwamba kikikauka upesi hakitapata muda wa kupasuka. Nilikuta nyufa ninazoweza kuingizia kucha. Siku hiyo nilifunga mlango wa uani na sikuufungua kwa wiki nzima.

Jibu lilikuja kupitia ukutani. Jirani anapiga plasta, na fundi wake kila asubuhi na jioni anamwagia maji ukuta uliokwisha kumalizika na kuufunika magunia mabichi. Nikamuuliza. Akasema, "Ukiuacha jua liukaushe, utapasuka." Saruji ina sababu zake, si zile za rangi, lakini nilisimama pale nikaona kosa langu lote. Uso wa dimbwi ulikuwa unafanya ngozi ndani ya saa chache, kwa joto hili na upepo wa kaskazi, huku chini bado ni uji. Chini kunapokauka kunanywea, ngozi iliyokwisha kukakamaa haiwezi kufuata, inachanika. Mimi nikaiongezea feni!

Kosa la pili lilikuwa ndani ya kopo. Rangi ya bei nafuu ina unga mwingi kama wa chaki na kishikizo kidogo. Kwenye ukuta haina neno, kwa sababu unapaka tabaka jembamba. Kwenye dimbwi la unene wa nusu sentimita, unga hauna cha kuushika.

Kwa hiyo kitambaa cha tano: makopo mawili ya rangi kwa kopo moja la gundi nyeupe ya mbao, na maji kidogokidogo mpaka rangi zote nne ziwe na uzito mmoja, uzito wa uji wa mtoto. Uzito ukitofautiana, zinaingiana na kuwa tope. Mwinamo nyuzi 30. Nimemimina wakati wa magharibi, upepo ulipotulia. Baada ya dakika kumi nikalilaza jukwaa, dimbwi likatandaa lenyewe na kupungua unene. Kisha nailoni juu yake kama hema, magunia mabichi pembeni, siku nne bila kufunua. Najua gundi hii hulainika ikipata maji, kwa hiyo picha haitakaa nje. Lakini pale waridi inapokutana na kijani ya bahari pana ukingo unaometa, mwembamba, ambao brashi yangu isingeuweza hata kwa miaka kumi.

Mpango ulisema sasa niende miaka ya 1980: jeli ya akriliki, povu, vitu vilivyozamishwa ndani ya rangi, njia iliyompeleka kwenye picha zake za Great Thames. Nilikuwa nimeanza kukusanya vifuniko na vipande vya povu. Nimeviweka kando, kwa sababu ya shangazi.

Alikuja Jumapili, nikamshikia mkono, "Shikamoo, shangazi," naye kabla ya kukaa akaenda kukitazama kitambaa cha tano. Akakizunguka, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kina mji, hakina pindo."

Kanga! Sijalala vizuri tangu siku ile. Miaka ya 1990 Bowling alikuwa akikata vitambaa na kuviunga kwa kushona, vipande vikaizunguka picha ya katikati kama ukingo, na mimi nilikuwa nimeipanga hatua hiyo iwe ya mwisho, mwaka ujao huko. Na hapa ninavyo vitambaa vinne vilivyopasuka chini tu, huku juu ni vizima na rangi zake nzuri.

Jana nimekata cha kwanza na cha tatu kuwa vipande vya upana wa sentimita 15. Gundi imefanya merikani ikakamae, na cherehani ya shangazi imevunja sindano mbili kwenye kona moja. Amesema nitafute sindano ya namba 18, ile ya jinzi, na nisikunje pindo pale penye rangi nene, niuache ukingo wazi. Kesho nikitoka shule napitia sokoni kununua sindano.