Kutoka Hoxton hadi High Wycombe kutazama viti

Ukishuka kituo cha Hoxton, London, mlango wa Museum of the Home, jumba la makumbusho la maisha ya nyumbani, unatazamana nawe. Zamani zilikuwa nyumba za wazee wasiojiweza, zilizojengwa 1714. Leo vyumba vimepangwa kwa zama kuanzia 1630. Wageni wengi husimama kwenye mapazia. Mimi niliinama chini ya meza, maana samani za Kiingereza husomeka kwa mbao kabla ya nakshi.

Karne ya 17 ni mwaloni, na viungo vyake ni ulimi unaoingia kwenye tundu, na kigingi cha kukaza. Baada ya 1660 unashamiri mti wa jozi, ukibandikwa kama vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, juu ya ubao wa msonobari au mwaloni. Ugonjwa wake ni huu: ubao wa chini hunywea kwa upana, vinia iliyolazwa kinyume chake hainywei, basi hupasuka au kufumuka. Vinia ya zama zile ilipasuliwa kwa msumeno, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Ikiwa nyembamba kama karatasi, ni kazi ya baadaye.

Mwaka 1721 Bunge liliondoa ushuru wa mbao za makoloni ya Amerika, mahogani ya Jamaica ikaingia kwa wingi. Ni ya ukoo mmoja na mkangazi wetu. Bila uimara wake, maegemeo yaliyotobolewa kama utepe, ya michoro ya 1754 ya Chippendale, fundi samani wa London, yangevunjika mapema.

Kesho yake nilipanda treni Marylebone, kama nusu saa hivi, hadi High Wycombe, mji wa viti vya Windsor, viti vya mbao ambavyo miguu na egemeo huchomekwa kwenye kikalio. Hapa hakuna ulimbwende, na kwangu ndipo penye ufundi zaidi. Kikalio ni mti wa elmu, kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na hazipasuki ukitoboa karibu na ukingo. Huchimbwa kwa tezo. Miguu ni ya bichi, hukerezwa ingali mibichi, kisha ndimi zake, yaani ncha zinazoingia kwenye kikalio, hukaushwa kuliko kikalio, ili zikivuta unyevu zivimbe na kujibana. Kabari inayogongwa juu ya ulimi ikae kukatiza nyuzi za kikalio. Ikizifuata, kiti kinapasuka.

Upinde wa egemeo, wa mti wa eshi au yuu, hufukizwa saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukitoka kwenye mvuke, pinda papo hapo; ukipoa, nyuzi za nje hukatika.